Maswali ya Wasomaji: Gari Limesimama, Mbona Halizimwi?

Wiki hii barua nyingi zimeuliza jambo moja: magari yanayokaa sailensi muda mrefu, yaani yameegeshwa na injini inaunguruma. Nimejibu saba.

Shikamoo fundi. Gari la shule la wanangu husimama getini kusubiri watoto wengine, dereva hazimi, moshi wote unawaishia wao. Kwa nini hataki kuzima? (Mama wa watoto wawili, Mbagala)

Marahaba, mama. Kabla hujamgombeza, mwombe kwa upole azime mbele yako, halafu awashe tena. Ukisikia stata inakokota na injini haishiki, jibu umelipata. Hiace na Coaster nyingi zinazobeba wanafunzi zimekula chumvi, na betri zimechoka. Dereva anajua kwamba akizima ataanza kuomba watu wamsukume, watoto watachelewa na lawama zitamwangukia yeye. Tajiri kamwahidi betri mwezi ujao, na huo mwezi ujao haufiki. Kwa hiyo wa kuongea naye ni mwenye gari, tena nendeni wazazi kadhaa pamoja, mkipitia kwa mwalimu mkuu. Mzazi mmoja huahidiwa tu, kundi la wazazi husikilizwa.

Msiache kufuatilia. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Na mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima. Siku moja chuchumaa nyuma ya Coaster, mpaka kichwa chako kifikie kimo cha mtoto wa chekechea, uone bomba la moshi linatazama wapi. Wakati betri inasubiriwa, dereva asogeze gari mbele ili watoto wasipange foleni upande wa bomba. Hilo halina gharama, aanze nalo kesho asubuhi.

Daladala haijajaa, lakini dereva anakanyaga mafuta, anasogea kidogo, anarudi palepale. Faida yake nini? (Abiria, Tandika)

Faida yake ni wewe. Abiria akifika kituoni hupanda gari linaloonekana kuondoka. Lililozimwa, hata kama ndilo lenye zamu, analipita. Dereva ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni, konda ana yake, mpiga debe naye anasubiri chake. Injini inayounguruma ni sehemu ya kuita abiria. Simlaumu sana dereva mmoja mmoja, kwa sababu akizima peke yake jirani yake ndiye atakayejaza. Dawa ni foleni ya zamu inayosimamiwa kweli kituoni: gari la mbele lipakie, ya nyuma yote yazimwe. Viongozi wa vituo wanaweza kulifanya hili bila kusubiri agizo la mtu.

Bosi ananiambia nizime gari nikimsubiri. Mimi najua kuwasha kila mara kunakula mafuta na kuua stata. Nani yuko sahihi? (Dereva wa ofisi, Dar es Salaam)

Bosi wako, kaka. Uliyofundishwa yana asili yake: enzi za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa, injini ikipoa ilikuwa kazi kuiwasha, unavuta choki na mafuta mengi yanapotea. Magari tunayoagiza Japani sasa yanapima mafuta kwa kompyuta. Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba ukikaa sailensi zaidi ya sekunde 10 umeshachoma mafuta mengi kuliko ya kuwashia upya. Kwa kuilinda stata, mimi nasema hivi: ukijua utasubiri dakika moja au zaidi, na hauko katikati ya barabara, zima.

Tupige hesabu. Gari dogo likiwa sailensi bila AC hunywa kama lita 0.6 kwa saa. Ukisubiri saa mbili kwa siku, siku 26 za mwezi, ni lita 31 na kitu. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, umeunguza zaidi ya shilingi 93,000 bila kufika popote. Ukiwasha AC, na kwa jua la Dar najua utawasha, inapanda. Tafuta kivuli, shusha vioo.

Nipo foleni ya Tunduma na semi. Wenzangu wanasema turbo inataka injini iendelee, na tukizima upepo unaoendesha breki utaisha. (Dereva wa masafa)

La turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ni kweli, ila ni la dakika chache. Umetoka kupanda mlima na mzigo, turbo ni ya moto kupita kiasi. Ukizima ghafla, oili inayoipoza inasimama, inaungulia mle ndani na kuwa masizi. Iache sailensi dakika mbili tatu, kisha zima. Usiku kucha hauna sababu.

Upepo nao unakupa habari. Lori lisilo na ubovu hutunza upepo muda mrefu likiwa limezimwa. Geji ikishuka upesi, kuna panapovuja: zima, tembea kando ya mipira ukisikiliza, paka maji ya sabuni uone povu linatokea wapi. Kuiacha injini ijaze upepo unaovuja ni kuficha ubovu wa breki, na mbele yako kuna mteremko. Lori kubwa hunywa kama lita 3 kwa saa likiwa limesimama tu. Saa nane ni lita 24.

Huku Makambako asubuhi ni baridi kali. Nipashe injini dakika 15?

Hapana. Nusu dakika hadi dakika moja inatosha oili kuzunguka, kisha endesha taratibu bila kukanyaga sana. Injini hupata moto vizuri zaidi ikiwa inafanya kazi.

Ni kweli Uingereza ni kosa? (Msomaji, London)

Kweli. Sheria inakataza kuacha injini inaunguruma bila sababu gari likiwa limeegeshwa barabarani. Halmashauri zinazosimamia hilo huweza kukutoza pauni 20, nazo hupanda zikichelewa. New York ni kali zaidi: dakika 3, na jirani na shule dakika 1.

Mume wangu akichoka hulala garini, vioo juu, AC inafanya kazi. Kuna hatari? (Dada wa Mwanza)

Ipo, dada, na ni ya kuua. Moshi una kaboni monoksaidi, gesi ileile ya jiko la mkaa chumbani. Haionekani wala hainuki, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Bomba likiwa limetoboka, au gari likiwa kwenye gereji iliyofungwa, inaingia ndani naye amelala. Azime, ashushe vioo kidogo, aweke chandarua dirishani kama ni mbu. Ukimkuta ana kichwa kinachouma, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi mzito, mtoe nje, mpeleke penye hewa safi, na mkimbize hospitali apewe oksijeni. Usimwache "apumzike kwanza".