Fundi Anajibu: Waya mahali pa kapasita

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeunga amplifaya kwa kufuata mchoro: jozi ya transista za NPN mlangoni, nyingine ya kukuza volti, kisha transista kubwa za kutolea. Inatumia +30 V na -30 V. Muziki unatoka, ila nikiwasha tu, karatasi ya spika inavutwa ndani na kubaki huko. Bila wimbo wowote mita inasoma -2.1 V kwenye waya wa spika, na -0.09 V kwenye beisi (mguu wa kuongozea) ya transista ya kwanza. Beisi hiyo ina rezista ya 47k (omu 47,000) kwenda graundi. Rezista ya mrejesho, inayorudisha sehemu ya umeme wa kutoka hadi mlangoni, ni 22k, na ya pili ni 1k kwenda graundi. Mchoro unaonyesha kapasita ya 100 µF chini ya 1k. Niliikosa dukani nikaweka waya. Rafiki yangu anasema niweke kapasita kubwa kwenye waya wa spika yatakwisha. Ni kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuutaja huo waya. Wengine huniletea sahani nzima ya saketi wakiapa wamefuata mchoro, nami napoteza nusu siku.

Chukua 22k, gawa kwa 1k, jumlisha 1: ukuzaji wako ni mara 23. Sasa zidisha 0.09 kwa 23. Umeiona 2.1 yako?

Watu hudhani mrejesho hasi hufuta kila kosa. Makosa yanayozaliwa huko mbele, kwenye transista ya volti au zile kubwa, huyapunguza sana. Lakini kosa lililopo mlangoni mrejesho haulitambui. Huliona ni wimbo kama wimbo mwingine na kulikuza kwa uaminifu. Kapasita uliyoiruka kazi yake ni hiyo: kwa DC (umeme uliotulia, usiopanda na kushuka kama wimbo) njia ya 1k inakatika, mrejesho wote unarudi mlangoni, na ukuzaji wa DC unashuka kutoka 23 hadi 1. Muziki unaendelea kukuzwa mara 23, maana 1k na 100 µF huanza kukata chini ya kama 1.6 Hz, ambako hakuna besi ya kusikia.

Kwa hiyo ondoa waya. Hata 47 µF itakufaa, inakata kwenye 3.4 Hz.

Hapo utabaki na kama milivolti 50. Zinatoka wapi? Beisi ya NPN inavuta mkondo kidogo, kwako kama mikroampia 2. Ukipita kwenye 47k unaacha milivolti 94; upande wa transista ya pili ya mlangoni, kwenye 22k, unaacha 44. Badili 47k iwe 22k, pande zote mbili zishuke sawa, tofauti ife. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka 100k mlangoni nikidhani kubwa ndiyo bora, nikahangaika wiki nzima nikilaumu transista.

Pia zigusanishe transista mbili za mlangoni, uzifunge pamoja kwa kipande cha shaba, mbali na bati la kupozea. Volti ya beisi hushuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Moja ikipata joto la nyuzi 5 kuliko mwenzake, ni milivolti 10. Kwa ule waya wako zingekuwa 230.

Kuhusu rafiki yako: 1000 µF kwa spika ya omu 8 itazuia DC, ndiyo, lakini itaanza kula besi kwenye 20 Hz, na kosa litabaki palepale ndani. Mwache aweke kwenye yake.

Koili ya spika ya omu 8 huwa na kama omu 6 kwa DC, kwa hiyo sasa hivi inapitisha 0.35 A bure. Ichomoe kabisa. Ukimaliza kulehemu, washa kupitia balbu ya 60 W iliyounganishwa mfululizo na umeme wa ukutani, subiri dakika 10 ipate joto, ndipo upime. Chini ya milivolti 50, rudisha spika.