Muulize Mjomba: Nilimpa rafiki paswadi, sasa naitwa kwa kamati

Mjomba shikamoo. Mimi niko mwaka wa pili chuo hapa Kampala, nakaa hosteli Kikoni. Mwenzangu wa chumba akaunti yake ilifungwa juu ya ada nikamhurumia nikampa paswadi yangu ya eduroam (wifi ya vyuo), na ndio hiyo hiyo ya imeli na ya potali ya matokeo (najua, usinichape). Mwezi uliopita nikaenda Arua kumzika babu, kurudi nakuta akaunti imefungwa na barua juu, eti usiku wa Ijumaa, ule ule niliosafiri, nilidaunlodi mafilamu mpaka wifi ya jengo zima ikalala, halafu saa nane usiku imeli yangu ikamtumia lekchara mmoja matusi na vitisho. Kamati ya nidhamu ni wiki ijayo. Mwenzangu anakataa katakata. Kuna kijana wa Wandegeya anasema ana mtu ndani ya ofisi ya kompyuta, nikitoa 300,000 atafuta rekodi zote na hata ile riteki yangu moja (somo nililofeli) "atairekebisha". Baba bado hajui kitu. Nitafungwa? Nimlipe huyu kijana?
– Mwenye presha, Kikoni

Marahaba kijana, na pole kwa msiba. Naanza na swali lako la mwisho maana ndilo linaloniogopesha. Usimlipe. Hata mia usimpe.

Huyo kijana ni mmoja kati ya watu wawili. Aidha ni tapeli wa kawaida atakayekula 300,000 zako na kuzima simu, na hapo nitasema umepata bahati, au kweli ana mtu ndani, na hapo ndipo umekwisha, kwa sababu leo hii kosa lako ni uzembe wa paswadi, kesho litakuwa kuingia kwenye mfumo na kubadilisha data, na hilo siyo la mkuu wa wanafunzi tena, ni la polisi. Tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, ikarekebishwa 2022, na kuingia tu kwenye mfumo bila ruhusa kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 10. Aliyelipa naye hasemi "mimi sikugusa kibodi", aliyemtuma mwizi naye ni mwizi. Wewe labda ulikuwa bado mdogo lakini 2017 pale Makerere iligundulika alama zimechezewa ndani ya mfumo, wafanyakazi wakasimamishwa na kuna wanafunzi majina yao yakatolewa kwenye orodha ya mahafali, fikiria mama ameshashona gomesi, mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba, jina halipo.

Mimi kabla ya kuandika hapa nilikaa miaka kadhaa kwenye maabara ya kompyuta ya chuo kimoja, kwa hiyo nakwambia nilichokiona. Mfumo wa alama ukiwekwa vizuri unaandika nani ameingia, saa ngapi, kwa kompyuta gani, na alama ilikuwa ngapi ikawa ngapi. Nakala nyingine inakaa kwenye mashine ya pembeni ambayo huyo "mtu wa ndani" pengine hata hajui iko wapi. Na karatasi ya mtihani iko kabatini, siku wakilinganisha mumekamatwa wote.

Sasa sikia jambo ambalo naona hujaliwaza. Hizo rekodi unazotaka kuzilipia zifutwe ndizo zitakazokuokoa! eduroam, ambayo hapa kwetu inaendeshwa na RENU, mtandao wa elimu na utafiti wa Uganda, pamoja na vyuo, haiangalii jina lako tu. Ukiunganisha, ombi linaenda mpaka kwenye sava ya chuo chako kuhakikisha paswadi, na kwa kawaida inabaki alama: akaunti gani, saa ngapi, kifaa gani (kila simu na laptopu ina namba yake), na kiboksi gani cha wifi kilichokupokea. Usiku huo wewe ulikuwa kwenye basi sijui mmevuka daraja la Karuma au bado, na akaunti yako ilikuwa Kikoni kwenye laptopu ambayo siyo yako. Kwa hiyo leo, siyo kesho, andika barua kwa katibu wa kamati uombe wasifute na waje na hizo rekodi za Ijumaa, namba ya kifaa na mahali. Tafuta tiketi ya basi, meseji za mobile money ulizotuma njiani, picha za mazishi, chochote chenye saa. Beba simu yako na laptopu yako walinganishe namba. Simu nyingi siku hizi zinabadilisha hiyo namba zenyewe kwa kila wifi, basi uwaoneshe ile inayotumika kwenye wifi ya chuo, iko kwenye setingi.

Haki ya kusikilizwa unayo, siyo hisani yao. Kifungu cha 42 cha Katiba kinasema ukiwa mbele ya ofisi yoyote ya utawala utendewe haki na uamuzi usipokuridhisha unaweza kwenda mahakamani. Ila usianze nacho kamatini, watu wanakasirika bure.

Usitoke hapo bila kukubali kosa lako halisi. Kutoa paswadi ni kosa kwenye sheria za karibu kila chuo na ulitia sahihi siku ya kujisajili hata kama hukusoma (nani anasoma?). Sema nilimpa fulani, tarehe fulani, kwa sababu hii, naomba radhi. Ukidanganya kwamba "nilidukuliwa" na rekodi zikaonesha mwenzako ametumia paswadi hiyo wiki sita bila shida, hata ile Ijumaa hawatakuamini. Na ndiyo, lazima umtaje, vitisho kwa lekchara siyo mzigo wa kubeba kwa ajili ya urafiki.

Utafungwa? Kwa uliyoniandikia sioni hivyo. Onyo, akaunti kufungwa kwa muda, wakiwa wakali semista moja nje. Baba mwambie kabla barua nyingine haijafika Arua, wanaume wa rika langu tunasamehe kosa haraka kuliko kusikia habari kwa jirani.

Paswadi za imeli na potali zibadilishe ukifunguliwa tu, na zisifanane.

Mjomba, binti yangu alimtukana mkuu wa idara kwenye grupu la WhatsApp. Nasikia ile sheria ya kompyuta ilifutwa, kwa hiyo hana kesi?
– Mama Sauda, Mbale

Mama Sauda, kifungu cha 25, cha mawasiliano ya kuudhi, ndicho Mahakama ya Katiba ilikiondoa Januari 2023. Usumbufu wa mtandaoni ni kifungu kingine, ndicho kilichomfunga Dk. Stella Nyanzi aliyekuwa mtafiti wa Makerere, miezi 18 mwaka 2019, Mahakama Kuu ikamwachia Februari 2020 akiwa karibu kuimaliza yote. Na chuo kina sheria zake hakihitaji mahakama. Afute, aende ofisini kwa miguu yake akaombe msamaha, na wewe usiende naye, ataonekana mtoto.

Kutumia VPN (app ya kufungua mitandao iliyofungwa) kwenye wifi ya chuo ni kosa?
– Bila jina, Gulu

Tangu Facebook ifungwe hapa kwetu Januari 2021 VPN imekuwa kama chumvi, kila simu ina moja. Soma sheria za chuo chako, vingine vinakataza kwenye mtandao wao. Na hizo za bure bure kuwa mwangalifu, kuna zinazouza habari zako.