Manukuu ya filamu ya kishairi: mizani, kasi ya kusoma na maandishi yanayotangulia

Swali: Natengeneza manukuu ya Kiswahili ya Cyrano de Bergerac, filamu ya Kifaransa iliyoongozwa na Rappeneau (1990). Mazungumzo ni ya kishairi. Nikitunza vina, mtazamaji hamalizi kusoma. Nikiviacha, maneno yanapooza. Isitoshe, maandishi yanatangulia midomo, na mwishoni yamepitiliza kwa zaidi ya dakika 5. Nifanyeje?

Jibu: Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo jepesi. Faili lako limepimwa kwa nakala ya fremu (picha) 25 kwa sekunde, nawe unacheza ya 24. Filamu ya dakika 137 ikienda kwa 25 huisha kwenye 131 na nusu. Ukisogeza maandishi yote kwa sekunde kadhaa utanyoosha mwanzo tu. Zidisha kila muda kwa 1.0417, au tumia programu ya manukuu Subtitle Edit kubadili kasi ya fremu kutoka 25 hadi 24.

Sasa ushairi. Mstari wa Rostand, aliyeandika tamthilia ambayo filamu imetokana nayo, una silabi 12, kwa kawaida na kituo baada ya ya 6. Usilazimishe 12 kwa 12: viambishi vyetu vinakula mizani, utabaki na maneno machache mno. Tumia mshororo wetu wa 16, nane kwa nane. Mfano wa kubuni tu:

Naikumbuka sauti, iliyonena gizani

Hapo pana herufi 34 pamoja na nafasi. Ukishika kipimo cha herufi 42 kwa mstari, mistari miwili kwa pamoja na herufi 17 kwa sekunde, mshororo huo unasomeka kwa sekunde 2. Vina vya kati vitupe, baki na vya mwisho, tena kwenye hotuba ndefu tu: ile ya Cyrano kuhusu pua yake, ile ya chini ya roshani. Wanapoagiza chakula au kugombana, andika nathari fupi. Rostand hupenda kukata mstari mmoja kati ya wasemaji wawili au watatu. Hapo weka kistari kwa kila msemaji na usitafute kina, kwa sababu kitaangukia mdomo usio wake.

Utakwama kwenye neno la mwisho kabisa, "panache": ni manyoya ya kofia, na ni ule ujasiri wa kujionyesha. "Mbwembwe" inamdhalilisha Cyrano, anayelisema akiwa anakufa. Mimi ningeandika "Shungi langu", lakini nihakikishe kofia yenye manyoya imeshaitwa shungi mahali fulani mapema. Bila hivyo mtazamaji atashangaa jogoo ametoka wapi.