Nililipia Chakula cha Siku Tatu, Tukala Milo Minne

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa msomaji kutoka Morogoro. Anakuja huku Kanda ya Ziwa na mumewe mwezi wa 12, na hoteli waliyoipata imewapa njia mbili: walipie chumba na chai ya asubuhi tu, au walipie fulubodi, yaani chai, chakula cha mchana na cha usiku, vyote kabla hawajatia mguu. Ukilipa mapema bei inashuka. Akamalizia: "Dada Mama Kulwa, wewe ungefanyaje?"

Nilicheka peke yangu mpaka baba Kulwa akauliza kuna nini. Swali hilo, ndugu zangu, mimi nimelilipia ada. Nina risiti.

Ilikuwa Juni 2024, shule zimefungwa. Mwaka mzima nilikuwa naweka pesa ya kikoba pembeni ili familia nayo ionje hoteli ya ufukweni, maana watoto wangu wamezaliwa Mwanza na ziwa walilijua la kuliona kupitia dirisha la daladala. Mama mkwe alikuwa anakuja kututembelea kutoka Tabora, nikasema hapa hapa, naye twende naye, ajue ana mkwe. Hoteli yenyewe sitaitaja, iko huku huku kwetu, na wenyewe wakisoma watajijua.

Wakanitumia bei kwa simu. Bufee mlangoni ilikuwa shilingi 30,000 kwa mlo. Ukilipia fulubodi mapema, 25,000. Nikachukua daftari. Tulikuwa watu watano wa kulipiwa, milo sita kila mmoja, jumla milo thelathini, kila mlo nimeokoa 5,000. Laki moja na nusu! Nikamwita baba Kulwa nimuoneshe. Nikaandika mpaka kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba jamani, likizo si lazima iwe ya matajiri, ni kupiga hesabu tu. Laki saba na nusu nikaituma siku hiyo hiyo, kabla ofa haijaisha.

Mtasema watu watano wametoka wapi, wakati mimi nina watoto watatu na wawili kati yao ni mapacha wadogo. Ngoja niwaambie. Kwao mtoto analipa nusu bei mpaka afikishe miaka 12. Kulwa na Doto walikuwa wamefikisha 12 mwezi Mei. Baba yao alishauri kwa sauti ya chini tuseme 11. Mimi nilikataa, nikasema hatuanzi likizo na uongo (na kusema kweli niliogopa kuulizwa vyeti). Tulipofika mapokezi dada wa watu akawauliza kwa upole tu mna miaka mingapi, Kulwa akajibu, "Kumi na mbili na wiki tatu." Kwa hiyo watu wazima watano. Shija, wa miaka minne, alikula bure, na huyo ndiye aliyekula kuliko wote.

Siku ya kwanza basi la mama lilichelewa, tukamsubiri stendi ya Nyegezi hadi saa nane. Hilo halikuniuma, kwa sababu hesabu yao ilianza na chakula cha usiku. Kilichoniuma ni nilipouliza bufee iko wapi. Wageni walikuwa wachache, na wageni wakiwa wachache bufee haiwashwi. Unaletewa sahani: kuku na chipsi, au minofu ya sangara. Bei ni ile ile ya bufee.

Mama mkwe akaletewa minofu. Kipande cheupe, cha mraba kama sabuni, kimelazwa na limao pembeni. Akakigeuza kwa uma. Akakigeuza tena.

"Mwanangu," akamwambia mhudumu, "huyu samaki kichwa chake kiko wapi?"

"Mama, hii ni minofu."

"Nimekuuliza kichwa."

Kijana wa watu akasimama na sinia lake, hana jibu. Nasi wa Mwanza tunajua kichwa kiko wapi: minofu inapanda ndege, kichwa na mifupa ndiyo mapanki yetu ya kukaanga mtaani. Lakini huwezi kumweleza mtu aliyetoka Tabora kuja ziwani kula samaki. Usiku ule alikula ugali na kachumbari. Kesho yake jioni akatupotea, tukamkuta nyuma ya jiko amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anakula dagaa na mlenda kutoka sufuria ya wafanyakazi, anaongea Kinyamwezi na mpishi kama wametoka kijiji kimoja. Ndicho chakula alichokisifia mpaka anaondoka. Na kilikuwa bure, huku 25,000 yake ikiwa mezani inapoa.

Siku ya pili tulikwenda Saanane. Mnajua Saanane, kile kisiwa kilicho karibu na Capri Point, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, unapanda boti na kabla hujazoea kukaa umeshafika. Watoto walikimbizana na wale mijusi wa mawe, dume lake kifua na kichwa chekundu, mwili bluu, Shija akawaita Spiderman, nikaambiwa hata wazungu huwaita hivyo hivyo. Tulirudi saa tisa. Chakula cha mchana kilifungwa saa nane na nusu. Je, hamkuweza kutufungia? Tungeweza, mama, kama ungetoa taarifa jana usiku. 125,000 ikaenda na maji. Tulikuwa tumeshakula mjini kwa mama ntilie, 38,000 juu ya ile niliyokwisha kuilipa.

Siku ya tatu ndiyo naionea aibu. Chai ya asubuhi pale ilikuwa ya haja: mayai, soseji, maandazi, viazi vitamu, matunda. Watoto walikula mpaka saa nne. Saa saba nikawatoa kwenye bwawa la kuogelea kwa lazima, wamelowa, midomo imepauka, nikawakalisha mezani. Doto akasema hana njaa. Nikamwambia, "Kula, imelipiwa!" Akala. Alasiri nzima akalala chumbani ameshika tumbo wakati pacha wake anapiga mbizi. Nilikaa pembeni ya kitanda namkandakanda nikajiuliza, hivi mimi nimemleta mtoto kupumzika au kufidia pesa?

Siku ya mwisho nilijiona nimeshajanjaruka. Usiku nikatoa taarifa mapema watufungie chakula, kwa kuwa chumba kinarudishwa saa nne na chakula cha mchana kinaanza saa saba, na mama ana basi. Wakasema sawa. Asubuhi zamu imebadilika, aliyepo hana habari. Nikatoa risiti, naye akanionesha mstari mdogo kule chini ambao sikuwahi kuusoma: mlo usioliwa haurudishiwi pesa. Akanipa na bili ya vinywaji, maana fulubodi yao haikuwa na hata maji ya kunywa. 104,000.

Nilipofika nyumbani Buhongwa sikulala. Nikatoa daftari, na picha ya menyu niliyoipiga mezani. Sahani zile zile tulizokula, kama ningeagiza moja moja: sahani mbili za minofu ya sangara za 18,000 kila moja, mimi na baba Kulwa, kuku na chipsi za 14,000 kila pacha, ugali na mboga wa mama 7,000, Shija anadokoa. Shilingi 71,000 kwa mkao mmoja. Tulikaa mezani mara nne. 284,000. Mimi nilitoa 750,000. Tofauti ni 466,000, ada ya nusu muhula kwa mmoja wa mapacha kule wanakosoma.

Mnaona kosa liko wapi? Halikuwa kwenye kujumlisha. Nililinganisha bei ya ofa na bei ya bufee, wakati bufee sisi tusingeinunua kamwe. Ningelinganisha na sahani. Gawa 750,000 kwa 71,000, unapata mikao zaidi ya kumi ili pesa irudi, na siku zile zina mikao sita tu. Yaani hata tungekula yote, hata Saanane tusingekwenda, bado tulikuwa tumepigwa kabla hatujafunga begi.

Na wifi yangu, aliyeiona ile hesabu yangu ya kujisifu kwenye kundi, akawa ananiita Waziri wa Fedha. Mwaka mzima. Kwenye msiba, kwenye kipaimara, "Waziri wa Fedha amefika." Nacheka naye. Lakini pesa ile haikuwa yake, na mama aliyepelekwa ufukweni ni mama yake.

Kwa hiyo wenzangu, na hasa wanawake wenzangu tunaolegea tukisikia neno ofa, naomba mnisikilize. Kabla hujatuma hata senti, waombe menyu yenye bei. Hoteli inayokataa kutuma menyu imeshakujibu. Andika watu wako wanakula nini kwa kweli, si unavyotamani wale. Mtoto wa chipsi atakula chipsi hata umpeleke ikulu. Halafu hesabu mikao mtakayokuwepo kweli: toa siku ya kufika, toa siku ya kuondoka, toa kila siku mliyopanga matembezi. Uliza umri wa mtoto unaishia wapi, uliza maji yamo au hayamo, uliza bufee inawashwa kwa wageni wangapi. Omba menyu. Nimeshasema? Narudia, omba menyu.

Mwaka 2025 Nanenane iliangukia Ijumaa, nikaona ndiyo nafasi ya kujisafisha. Hoteli nyingine, usiku mbili, sisi watano bila mama, chumba na chai tu. Kabla ya kulipa nilimpigia meneja nikamuuliza kama naweza kuleta samaki wangu jikoni, maana sehemu nyingi chakula cha nje ni marufuku. Akasema leta, utalipia upishi.

Jumamosi alfajiri nikashuka na Kulwa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Ilikuwa mbalamwezi nzima, mitumbwi ya dagaa imelala mchangani na taa zake, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwenye giza. Lakini wa nyavu walikuwa wanaingia. Nikamfundisha mwanangu: fungua shavu, liwe jekundu kama nyama mbichi, jicho liwe limejaa, lisiwe limezama, bonyeza mgongo, kidole kisiache shimo. Yeye ndiye aliyechagua. Sato watatu, 8,000 kila mmoja, tukawabeba kwa kamba iliyopitishwa mdomoni, mikia inapiga mguu. Jikoni wakachukua 15,000 kwa upishi na ugali. Kwa 39,000 familia ikala samaki wenye vichwa, nikampigia mama picha, akajibu kwa sauti: "Haya, huyo sasa ni samaki."

Safari nzima chakula na vinywaji vilikula 168,000. Kwa bei ile ya Juni 2024 fulubodi ingekuwa laki nne, vinywaji mbali. Sikuandika kitu kwenye kundi. Wifi aliambiwa na baba Kulwa.

Ila sitawadanganya. Kwa usiku zile mbili nimeulizwa "Mama, tunakula nini?" mara nyingi kuliko nyumbani. Mimi ndiye niliyeamka saa kumi na moja kufuata samaki, mimi niliyesimama na mpishi kumwambia asizidishe mafuta, mimi niliyejua nani ameshakula na nani bado. Juni ile, pamoja na hasara yake yote, nilikaa siku tatu sijawaza sufuria. Nadhani ndicho nilichokuwa nanunua bila kujijua, na kama ningekiita kwa jina lake, mapumziko ya mama, huenda ningekilipia nusu yake kwa moyo mweupe.

Sasa wewe wa Morogoro. Nilikuuliza hoteli iko wapi, ukasema ni kisiwani, hoteli peke yake, hakuna kijiji, boti inawashusha na kuwafuata siku ya tatu. Basi mdogo wangu, lipia. Huko hakuna mama ntilie, hakuna mwalo, na menyu yao wataipanga wanavyotaka kwa kuwa huna pa kukimbilia. Ila lipia hafubodi, chai na cha usiku. Mkiwa wawili, mmeamka saa tatu, mmekunywa chai nzito, mchana wote mko majini, mtakula saa ngapi? Bebeni karanga na biskuti. Na maji nunueni Mwanza kabla ya kupanda boti, katoni nzima.

Sisi Desemba tunakusudia kwenda Ukerewe. Baba Kulwa ameshapata hoteli na ameshaanza kusema habari za ofa. Nimewaandikia wanitumie menyu tangu Jumatatu. Hawajajibu.