Misindano ivunwe, mbega wabaki, wageni waje: shamba la miti lipangwe vipi?

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji huku Lushoto. Tumepakana na shamba la miti la serikali, na ng'ambo ya shamba hilo kuna msitu wa asili wenye mbega na ndege wengi. Vijana wetu huongoza wageni kwa miguu, na njia yao hupita kwenye misindano, yaani miti ya paina, kabla ya kuingia msituni. Sasa tumeambiwa misindano iliyokomaa itavunwa kwa awamu. Wazee wanasema mbao, wanyama na wageni haviwezi kukaa pamoja, na kwamba kijito chetu kitakauka. Maofisa wanasema yote yanawezekana. Nani yuko sahihi, na kikaoni tuulize nini?

JIBU: Ndugu katibu, pande zote mbili zina ukweli wake. Hekta moja haiwezi kutoa mbao, kumficha mbega na kumpendeza mgeni kwa siku moja, ikishafyekwa, imefyekwa. Ila shamba zima pamoja na msitu uliopakana nalo vinaweza kutoa yote matatu, iwapo kila kipande kimepangiwa kazi yake na mwaka wake. Kwa hiyo mkifika kikaoni ombeni ramani kabla ya kitu kingine chochote. Ioneshe vipande vitakavyovunwa, mwaka wa kila kimoja, na njia ambayo magogo yatatolewa. Bila ramani mtajadili maneno matupu.

Juu ya ramani hiyo angalieni kwanza mpaka. Shamba la miti limepandwa ili livunwe. Msitu wa asili wenye hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia, kama Magamba huko kwenu, hauvunwi mbao. Historia ya milima yenu ya Usambara inaeleza kwa nini tofauti hiyo ina uzito. Kule Usambara Mashariki mitambo iliingia kwenye misitu ya asili ya Amani, ikavuna miti mikubwa kwenye miteremko mikali, hadi kazi hiyo iliposimamishwa katika miaka ya 1980. Amani ikaja kutangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Lakini palipokwisha kufunguliwa paliingia Maesopsis eminii, mti ambao Waganda huuita musizi, ulioletwa pale na binadamu. Ndege aitwaye hondohondo hupenda matunda yake na hubeba mbegu mbali, kwa hiyo mti huo umesambaa hadi mahali ambapo hakuna aliyeupanda. Kosa la uvunaji kwenye msitu wa asili halifutiki kwa kupanda miche. Ndiyo maana mimi natetea uvunaji wa misindano kwa moyo wote: kila mbao inayotoka shambani inapunguza tamaa ya kuingia kwenye miti ya asili kama mikulo na mipodo.

Sasa hesabu. Tuseme shamba lina hekta 2,000 na msindano unakatwa ukifikisha miaka 20. Gawanya, unapata hekta 100 kwa mwaka. Ukikata 200 kwa mwaka, baada ya miaka kumi umemaliza, na itabidi mkae miaka mingine kumi bila mbao, bila kibarua na bila ushuru. Mashamba mengi hayana hesabu safi namna hii, kwa sababu upandaji wa zamani ulifanyika kwa kukurupuka, mwaka mmoja mwingi na mwaka mwingine hakuna. Kwa hiyo ombeni jedwali la umri wa miti, lenye hekta zilizopandwa kila mwaka. Hapo mtaona wenyewe kama wingi unaopangwa kuvunwa unalingana na wingi unaokua.

Hekta 100 hizo zisikae mahali pamoja. Zikigawanywa vipande vinne au vitano vilivyoachana, na kipande jirani kikasubiri mpaka miche ya kile kilichokatwa imeshika na kufunika udongo, mnyama anapata pa kupitia na mgeni haoni kilima kizima kimenyolewa. Mkandarasi atalalamika kwamba kuhamisha mitambo ni gharama. Ni kweli, ni gharama. Lakini gharama hiyo iingizwe kwenye bei tangu mwanzo, isigeuzwe sababu ya kubadilisha mpango katikati ya kazi.

Kuhusu wanyama, niseme wazi kwamba msindano haumlishi mbega. Yeye ni mla majani, na chakula chake kiko kwenye miti ya asili. Misindano humfaa kama daraja, pale vilele vinapogusana na akaweza kuruka bila kushuka chini kwenye mbwa na watu. Kwa hiyo vipande vyote vilivyo karibu na mpaka wa msitu viacheni vivunwe mwisho, na kwenye mabonde madogo yanayounganisha msitu na msitu acheni ushoroba wa miti ya asili uendelee bila kukatika. Ukikata misindano hadi kwenye ukingo wa msitu kwa mwaka mmoja, unafungua ubavu wa msitu kwa upepo na jua. Miti ya pembeni huanguka, unyevu hupungua, magugu huingia, na ndege wanaoishi chini kwenye kivuli hurudi ndani zaidi.

Kuna kazi moja ya shamba inayomnufaisha mwenye mbao na mnyama kwa pamoja, nayo ni kupunguza miti. Misindano ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta inabeba miche 1,111. Ikiachwa yote, inakuwa fito ndefu nyembamba, na chini kunabaki sindano kavu tu. Ikipunguzwa kwa wakati, miti iliyobaki hunenepa na kutoa mbao pana, na mwanga unaofika chini huotesha vichaka na miche ya asili. Hapo ndipo paa hupata malisho na ndege wadogo hupata wadudu. Shamba lisilopunguzwa huwa kimya. Mkipita na wageni mtalitambua kwa masikio kabla ya macho. Ulizeni kikaoni: ni hekta ngapi zimefikia umri wa kupunguzwa na bado hazijaguswa?

Jingine ni mti mzee. Ndani ya mashamba ya zamani mara nyingi husimama mti wa asili uliobaki tangu kabla ya kupanda, mnene, umeoza moyo, una tundu juu. Fundi wa mbao anauona hauna kazi na anataka uondolewe usimzuie. Kumbe hondohondo hutaga kwenye tundu kama hilo. Jike huingia, mlango huzibwa kwa udongo hadi ubaki ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia ufa huo kwa zaidi ya miezi mitatu. Mti wa namna hiyo hauwezi kupandwa ukapatikana katika maisha ya mtu mmoja. Kamati yenu itembee na mhifadhi kabla ya uvunaji, kila mti wa aina hiyo upakwe alama ya rangi na uandikwe kwenye mkataba wa mvunaji. Kazi hiyo haigharimu karibu chochote, na kwangu mimi inashika nafasi ya juu kuliko mabango yote ya uhifadhi.

Nije kwenye kijito, kwa maana hapa hofu ya wazee inahitaji kunyooshwa kidogo. Msindano unakunywa maji mengi. Majaribio ya muda mrefu ya mabonde ya Jonkershoek, Afrika Kusini, yalionesha kwamba vijito hupungua nguvu misindano inapopandwa na kukua. Ukikata, mara nyingi maji ya kijito huongezeka kwa miaka ya mwanzo, kisha hupungua tena miche mipya inapokua. Kwa hiyo ukame wa kijito sio hatari ya kwanza ya uvunaji. Hatari ya kwanza ni tope.

Na tope hilo kwa sehemu kubwa hutoka barabarani na kwenye njia za kuburutia magogo. Mti ukianguka tu, udongo bado umefunikwa na matawi na sindano. Gogo likiburutwa moja kwa moja kuteremka, linachimba mfereji. Mvua moja kubwa ya masika ikipita humo, mfereji unakuwa korongo na udongo wote uko mtoni. Kwa hiyo mambo haya yasimamiwe bila huruma: magogo yavutwe kwa kufuata kontua, yaani kukingama na mteremko, au kuelekea juu pale inapowezekana, kazi ya kusomba isimame mvua za masika zinapokolea, barabara ikatizwe kwa matuta ya mshazari yanayomwaga maji kwenye majani kabla hayajapata kasi, kalavati ziwekwe kila inapovuka kijito, na uwanja wa kukusanyia magogo uwe mbali na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka chanzo au ukingo wa mto. Kama kuna misindano iliyopandwa zamani ndani ya mita hizo, maoni yangu ni kwamba itolewe polepole kwa mikono kwa kibali cha wahusika, mtambo usikanyage, na isipandwe tena. Paachiwe miti ya asili irudi.

Mnaweza kupima wenyewe. Chukueni chupa mbili safi za plastiki. Baada ya mvua, jazeni moja juu ya mahali barabara inapovuka kijito na nyingine chini yake, mziweke juani kando kwa kando, mpige picha yenye tarehe. Anzeni sasa, kabla msumeno haujalia, ili muwe na cha kulinganisha. Picha za namna hiyo hukata ubishi wa saa nzima.

Baada ya uvunaji wananchi huruhusiwa katika mashamba mengi kulima mahindi, maharage au viazi kati ya miche kwa miaka ya mwanzo. Ni utaratibu mzuri, kwa kuwa mkulima hupalilia mche bila kuambiwa. Hakikisheni tu mgao wa viwanja haufiki ukingo wa maji wala mpaka wa msitu, na jembe lisikate mizizi ya miche.

Kuhusu wageni, mfano unaotia moyo uko Karura, Nairobi: msitu wa serikali wa kiasi cha hekta 1,000 katikati ya jiji, wenye njia za miguu na baiskeli, ambapo miti ya kigeni huondolewa kwa awamu na ya asili kurudishwa, na mbega walihamishiwa humo katika miaka ya 2010. Watu wanalipa kiingilio na kuona visiki, lakini wanaelezwa kinachoendelea. Waongozaji wenu nao wajifunze kueleza. Mgeni akioneshwa kipande cha mwaka mmoja, cha miaka kumi na cha miaka ishirini kwa mpangilio, matembezi yanakuwa na maana kuliko kupita haraka huku mwongozaji akiona haya. Wengine watawashauri muombe ukanda mwembamba wa misindano uachwe kandokando ya njia kuficha eneo lililokatwa. Mimi nawatahadharisha: misindano iliyokulia kwenye msongamano ikibaki mistari miwili mitatu huangushwa na upepo, na itaangukia njiani. Ni afadhali njia ihamishwe kwa msimu.

Wakati wa kukata, mtu asiye kazini asisogee karibu kuliko urefu wa miti miwili. Mti wa mita 25 unataka mita 50 kwa uchache, na kwenye mteremko upande wa chini ufungwe kabisa, maana gogo huviringika. Ombeni kwa maandishi ratiba ya kila wiki ya vipande vinavyokatwa, pamoja na namba ya simu ya msimamizi wa zamu. Mwongozaji ampigie kabla ya kuondoka na wageni kijijini. Simu isipopokelewa, kundi litumie njia nyingine siku hiyo.