Maswali ya Wasomaji: Ellyse Perry, Kriketi na Soka

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Iringa. Hapa shuleni tuna binti anayecheza soka na kriketi kwa bidii ile ile, na baadhi ya walimu wanamtaka achague mchezo mmoja. Mwenzangu ameshikilia kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kufika kileleni katika michezo yote miwili. Je, ni kweli? Naomba pia mnifafanulie neno "ol-raunda", kwa sababu wanafunzi wanalitumia kana kwamba ni sawa na kiraka wa soka.

JIBU: Mwalimu, mwenzako amekosea. Ellyse Perry, aliyezaliwa Sydney, Australia, tarehe 3 Novemba 1990, alicheza Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2009 na Kombe la Dunia la soka mwaka 2011. Aliitwa katika timu ya taifa ya kriketi Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 16, na mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya New Zealand mjini Darwin. Kabla ya wiki mbili kupita alikuwa amevaa jezi ya timu ya taifa ya soka dhidi ya Hong Kong, akafunga bao katika dakika ya pili. Katika Kombe la Dunia la soka nchini Ujerumani, Australia ilifungwa mabao 3 kwa 1 na Sweden katika robo fainali, na bao hilo moja la Australia lilikuwa lake, kombora la mguu wa kushoto kutoka nje ya eneo la hatari.

Hata hivyo, ni haki binti yako aelezwe na upande wa pili. Ratiba za michezo miwili ziligongana, klabu zikataka kujua zitampata lini, na kadiri miaka ilivyokwenda kriketi ilichukua nafasi kubwa zaidi hadi soka ikabaki nyuma kabisa. Lakini hakuchagua akiwa shuleni. Alikuwa mtu mzima, ameshacheza Kombe la Dunia la kila mchezo, ndipo mizani ikaanza kuegemea upande mmoja. Kwa maoni yangu, mwacheni binti acheze yote kwa sasa.

Kuhusu neno lenyewe, wanafunzi wako wamekaribia lakini hawajafika. Kiraka wa soka huziba pengo: leo beki wa kulia, kesho kiungo, kutegemea nani ameumia. Ol-raunda wa kriketi hazibi pengo la mtu. Kazi zake ni mbili na huzifanya zote katika mechi ile ile: timu yake inapopiga, yeye hushika gongo na kutafuta mikimbio, yaani pointi za kriketi; inapokuwa zamu ya kurusha, yeye hupewa mpira ili aangushe wiketi za wapinzani, yaani awatoe wapigaji wao. Ol-raunda wa kweli ni yule ambaye angestahili kuchaguliwa hata kama angekuwa na kazi moja tu kati ya hizo. Ndiyo maana ni wachache, na ndiyo maana kocha aliye naye huweza kupanga kikosi kana kwamba ana wachezaji kumi na wawili.

SWALI: Ndugu Mhariri, nafuatilia kriketi ya wanawake nikiwa Mombasa. Naona Perry wa miaka ya karibuni ni mpigaji zaidi, na kuna mechi nyingi ambazo harushi hata ova moja, yaani mipira sita. Je, bado ni halali kumwita ol-raunda?

JIBU: Swali lako limegusa jambo ambalo takwimu za jumla hulificha. Ukijumlisha mikimbio yake na wiketi zake utadhani alifanya kazi zote mbili kwa uzito ule ule tangu mwanzo, kumbe maisha yake ya kriketi ni safari ya kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Alianza kama mrushaji wa mipira ya kasi aliyepiga katika nafasi za chini. Fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2010, iliyochezwa Barbados, inamwonyesha Perry wa wakati huo. Alikuwa na umri wa miaka 19 alipopewa ova ya mwisho dhidi ya New Zealand. Ukabaki mpira mmoja, na New Zealand walihitaji mikimbio mitano ili washinde, au minne ili walingane. Sophie Devine aliupiga mpira ukarudi moja kwa moja kwa kasi kubwa, na Perry, akiwa bado katika mwendo wa kurusha, akanyoosha mguu na kuuzuia. Australia ikashinda kwa mikimbio mitatu. Wengi wamesema kwamba mguu ule ulikuwa wa mchezaji soka, nami nakubaliana nao. Alimaliza na wiketi 3 kwa mikimbio 18, yaani aliwatoa wapigaji watatu huku mipira yake ikiwapa wapinzani mikimbio 18 tu, akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Miaka mitatu baadaye, katika fainali ya Kombe la Dunia la ova 50 jijini Mumbai, alirusha akiwa na jeraha la kifundo cha mguu. Alianza mbio zake za kurushia akasita, akaanza tena akasita, kisha akarusha ova zake zote 10 na kuchukua wiketi 3 kwa mikimbio 19 tu. West Indies walishindwa kwa mikimbio 114.

Baada ya hapo upigaji wake ulikua hadi akapandishwa nafasi za juu. Novemba 2017, katika mechi ya Test, ile ya siku kadhaa, dhidi ya Uingereza iliyochezwa North Sydney Oval, alifikisha mikimbio 213 bila kutolewa, akaipita rekodi ya wanawake wa Australia ya 209 iliyokuwa ya Karen Rolton. Alipokaribia 200 aliupiga mpira juu, akadhani ni sita, yaani umevuka mpaka bila kudunda, akashangilia. Waamuzi wakasema umedunda ndani ya mpaka, hivyo ni nne. Ikambidi arudi, atulie na kuitafuta tena mia mbili yake. Utulivu huo ndio unaonifanya nimheshimu kuliko hata rekodi yenyewe.

Kilele cha kazi zote mbili kwa pamoja kilikuwa ziara ya Uingereza ya mwaka 2019. Mjini Canterbury alichukua wiketi 7 kwa mikimbio 22, Uingereza ikaishia mikimbio 75. Katika mechi ya Test mjini Taunton alipiga 116, kisha 76 bila kutolewa. Ziara ile ile ilimfanya kuwa mchezaji wa kwanza, wa kike au wa kiume, kufikisha mikimbio 1,000 na wiketi 100 katika mechi za kimataifa za ova 20.

Kisha mwili ukadai haki yake. Machi 2020 aliumia msuli wa nyuma ya paja dhidi ya New Zealand, akaikosa fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 mjini Melbourne iliyotazamwa na watu 86,174 uwanjani. Mwaka 2022 mgongo ulimsumbua kiasi kwamba fainali ya Kombe la Dunia aliicheza kama mpigaji pekee. Kurusha kwa kasi huuchosha mgongo kuliko kupiga, kwa hiyo ova zake zilizopungua ni za mchezaji anayetunza alichobakiza, na sioni sababu ya kusema kipaji kimekwisha.

Machi 2024, katika Ligi Kuu ya Wanawake ya India, alichukua wiketi 6 kwa mikimbio 15 dhidi ya Mumbai Indians, na msimu huo huo akaongoza ligi nzima kwa mikimbio 347 huku timu yake ya Bangalore ikitwaa ubingwa. Kwa hiyo naam, ni halali kumwita ol-raunda, ingawa siku hizi ukimwona anaingia uwanjani, tarajia kwanza gongo.