Prosesa imezeeka: niipandishe kasi au niibadilishe?

SWALI: Kompyuta yangu ina Core i5-2400 na diski ya kuzunguka. Inakokota mno. Niipandishe kasi prosesa?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Kasi ya hiyo imefungwa na kiwanda kwa kiasi kikubwa. Inayofunguka ni yenye herufi K mwishoni mwa jina, kama i5-2500K, tena kwenye ubao mama wenye chipu ya P67 au Z68. Kwanza bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, utazame prosesa na diski zinavyotumika. Diski ikiwa 100% na prosesa 30%, weka SSD, yaani diski isiyozunguka. Prosesa ikigota 100%, tafuta i7-2600: soketi ileile, LGA1155, wati zilezile 95, ila nyuzi za kazi (kazi inazoshika kwa pamoja) zinatoka 4 hadi 8. Ukiibadilisha, futa kwa spiriti pesti ya kupitisha joto iliyokauka kati ya prosesa na kipoza, weka mpya kiasi cha punje ya choroko. Joto likizidi nyuzi 90 za Selsiasi, kagua pini nne zinazoshikilia kipoza kwenye ubao. Mara nyingi moja huonekana imeingia, kumbe inaelea.